Glengarry Glen Ross: Williamson angenyamaza tu

Nianze na uamuzi kabla hasira hazijanipanda: filamu ni nzuri, nyota nne. Nimeirudia hivi karibuni, na kuna tukio moja humo, halichukui hata dakika, ambalo kila likifika natamani kumziba mtu mdomo kwa kiganja. Nitalieleza lote, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuambiwa mwisho, ishia hapa.

Wauzaji wanne wa viwanja, ofisi moja chakavu, mvua usiku kucha, na kulipokucha ofisi imevunjwa na kadi za majina ya wateja zimeibwa. Ni ya 1992. Kaongoza James Foley, na David Mamet kaiandika kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1984. Mengine mtayakuta.

Anayenikera ni John Williamson, meneja wa ofisi. Kazi yake ni kugawa kadi, basi. Wauzaji wanamdharau kwa sababu hajawahi kukaa sebuleni kwa mteja akasubiri sahihi, na kwa hilo wako sahihi.

Hali ilivyo kabla hajafungua domo ni hii. James Lingk kaingizwa kingi na Ricky Roma (Al Pacino), kasaini mkataba, katoa hundi. Sasa karudi ofisini ametumwa na mkewe. Mke kapiga simu serikalini, kaambiwa wana siku tatu za kazi za kuvunja mkataba, na anataka pesa irudi. Roma anamwona mlangoni na ndani ya sekunde chache ameshampanga mwenzake, Shelley Levene, ajifanye mteja mkubwa, bosi wa American Express anayewahi uwanja wa ndege. Levene anaingia kwenye nafasi hiyo bila mazoezi yoyote. Pale ndipo unapoona wazee hawa wametoka mbali.

Ni utapeli, ndiyo, lakini tazama unavyojengwa. Kwanza Roma hakatai kurudisha pesa. Akikataa, Lingk atakimbilia kwa wanasheria. Anachofanya ni kuomba muda: leo ana safari, tukutane Jumatatu. Lengo ni siku zile tatu zipite huku watu wanaongea vizuri. Pili anamwambia hundi bado haijaenda benki, kwa hiyo hakuna haraka, hakuna kilichoharibika. Tatu, Lingk anaposema hana mamlaka ya kujadiliana, Roma anaacha kabisa habari ya kiwanja. Muuzaji yeyote akisikia maneno yale anajua mwamuzi yuko nyumbani, na kuendelea kubishana bei na aliyetumwa ni kupoteza pumzi. Basi anahamia kwa Lingk mwenyewe, maisha yake, ndoa yake, twende tukanywe kidogo tuongee. Na Lingk anakubali! Anageuka kuelekea mlangoni naye!

Williamson anatokea. Anaona mteja ana wasiwasi kwa sababu ofisi imevunjwa. Anataka kumtuliza. Anamwambia asihofu, hundi yake imeshaingizwa benki.

Kwisha habari.

Mteja aliye ndani ya siku za kughairi ana swali moja tu kichwani: pesa bado ni yangu au imeshakuwa yao? Kila alichojenga Roma kimesimama juu ya jibu la swali hilo, na Williamson kalijibu kinyume, kwa sauti ya huduma kwa wateja. Kanuni ya ofisi yoyote ya mauzo ni rahisi. Ukimkuta mwenzako na mteja mezani, humpi mteja taarifa yoyote ya malipo, ya mkataba wala ya tarehe. Unasalimia, unamtazama mwenzako usoni, ukiulizwa unasema "faili lako analo yeye", unapita. Hata kama unachojua ni kweli. Na hapa hata kweli haikuwa!

Lingk anaondoka akimwomba Roma msamaha. Jonathan Pryce kamcheza vizuri mno: ndiye mteja anayemwomba radhi aliyemtapeli. Roma anamgeukia Williamson na kumporomoshea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sauti moja imemgharimu kamisheni ya dola 6,000 na gari, zawadi ya kwanza ya mashindano ya mauzo pale ofisini.

Nikifika hapo huwa naipa nyota tano. Halafu Levene anaharibu, na hapo ndipo Mamet anaponiweza. Roma akishatoka, Levene anabaki kumsimanga Williamson: ukiamua kutunga jambo, tunga la kusaidia, la sivyo funga mdomo. Meneja anatulia. Umejuaje nimetunga? Mkataba wa Lingk ulikuwa haujaenda benki kweli, ulilala mezani kwake usiku ule, na asiyeingia ofisini usiku hawezi kujua. Mwizi kajitaja. Mzee aliyekuwa anafundisha kunyamaza kaangushwa na domo lake palepale. Jack Lemmon, anayemcheza Levene, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Venice kwa kazi hii, na ukimwona uso unavyomshuka kwenye tukio hili hutauliza kwa nini.

Tena maskini alikuwa na furaha. Kaja asubuhi akijisifu kuwauzia akina Nyborg viwanja vinane, dola 82,000. Anavyosimulia: kaweka kalamu mezani, kakaa kimya dakika 22 kwa saa ya jikoni, hakusema neno mpaka wakasaini. Mbinu ni ya kweli kabisa. Ukishataja bei na kuweka kalamu, anayesema kwanza ndiye anayelegea. Kilichomwua ni hatua ya mwanzo aliyoiruka: kuuliza kama hawa watu wana pesa. Hawana. Wanapenda tu kuongea na wauzaji, na Williamson alijua siku zote, na kadi akampa. Sahihi unayo, hundi ni karatasi. Ndiyo maana sikubali watu wanaomtetea Williamson eti ni mtu wa taratibu tu. Huyu huyu, Levene alipomwomba kadi nzuri usiku kwa ahadi ya asilimia 20 ya kamisheni na dola 50 kila kadi, hakukataa rushwa. Alitaka pesa taslimu mkononi.

Sasa niseme la pili linalonichefua, ingawa kosa si la filamu. Ni ile klipu ya Alec Baldwin. Blake, mjumbe aliyetumwa na makao makuu, anawatukana wauzaji, anaonyesha saa yake, anataja mapato yake, anatangaza zawadi: ya kwanza Cadillac Eldorado, ya pili visu vya nyama, ya tatu kufukuzwa kazi. Wakuu wa mauzo wanaikata na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp Jumatatu asubuhi kama motisha. Jamani, mmeiangalia filamu nzima?

Roma hayumo kwenye kile kikao. Blake anauliza kama wote wamefika, anaambiwa bado mmoja, anaendelea bila kujali. Huyo mmoja, anayeongoza ubao wa mauzo, yuko mgahawani ng'ambo ya barabara anauza. Tena anauza bila kutaja kiwanja muda wote, anaongea mambo ya dunia na mtu aliyekaa peke yake, na kijitabu cha viwanja vya Glengarry Highlands kinatoka mwishoni kabisa. Ubaoni pale Blake kaandika hatua nne, na ya tatu kaifanya "uamuzi" mahali ambapo kila mwalimu wa mauzo hufundisha "kutamani". Karuka kumfanya mteja atamani! Hatua aliyoiruka bosi ndiyo muuzaji bora anayoifanya usiku kucha.

Halafu angalia hesabu yenyewe. Kadi mpya zimefungwa utepe, wanapewa wanaofunga mauzo tu. Wengine wanapewa za zamani, majina yaliyokwisha kupigiwa simu mpaka wenyewe wamechoka, kisha wanapimwa kwa ubao uleule. Huwezi kufunga bila kadi nzuri, na hupati kadi nzuri bila kufunga. Kesho yake kadi zimeibwa, watu wanashangaa. Dave Moss, mmoja wa wauzaji, alishapata mnunuzi, mshindani wao Jerry Graff, usiku uleule wa hotuba. Blake hakuwemo hata kwenye tamthilia, Mamet kamwongeza kwa ajili ya filamu, na nadhani alimwongeza ili tuone wizi unavyotengenezwa. Ukionyeshwa ile klipu kazini, uliza kwanza kama kuna mshahara wa msingi.

Kasoro zipo. Inabaki na harufu ya jukwaa: sehemu kubwa ni ofisi, mgahawa na kibanda cha simu. Wanawake karibu hakuna, na mtu pekee aliyefanya jambo la akili, mke wa Lingk, hatumwoni hata uso. Matusi ni mengi kiasi kwamba huwezi kuiweka sebuleni na wakwe. Kwa hayo ningeishusha hadi tatu, na kuna usiku nimeishusha kweli, maana inachosha kukaa na wanaume wanaopigiana kelele. Lakini filamu gani nyingine inakuonyesha mauzo yakivunjika hatua kwa hatua hivi? Haya, tano. Nne na nusu, kwa sababu ya Williamson.

Ukiirudia, usikimbilie Baldwin. Sikiliza asubuhi ile Roma anapoingia na kuuliza kuhusu mkataba wa Lingk, na Williamson anavyomhakikishia kwamba umeshapelekwa.