Unapiga Windows upya? Ununue nini cha kuhifadhia mafaili kwanza

Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za nyumbani bado zinasubiri kupigwa Windows upya. Dukani swali la kwanza huwa "nichukue ya GB ngapi?" Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Diski ya kompyuta ikishafutwa, nakala uliyoibakiza si akiba tena; ndiyo pekee iliyopo. Kwa hiyo vifaa vilivyo hapa chini tumevipanga kwa usalama wa nakala hiyo saa ile fundi anapobonyeza kufuta. Bei na kasi vinafuata baadaye.

Ukubwa utaujua ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda yako ndani ya C:\Users na kuchagua Properties. Ongeza nusu yake juu. Diski ya TB 1 ikikuonyesha GB 931 hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

1. SSD mpya ya ndani, na kesi ya USB kwa diski ya zamani

Kama laptopu yako bado ina HDD (diski yenye sahani inayozunguka) ya inchi 2.5, hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi mbili. Nunua SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA, yaani ya plagi ileile ya HDD hiyo, ya GB 240 au 500, toa diski ya zamani, piga Windows kwenye mpya. Ya zamani itie kwenye kesi ya USB 3.0, yaani kasha linaloifanya ichomekwe kwa USB kama flashi, na mafaili yako yote yamo kama ulivyoyaacha. Hakuna folda iliyosahauliwa, na hilo ndilo janga la kawaida: mtu ananakili Desktop na Documents, kisha wiki mbili baadaye anagundua kwamba hesabu za duka zilizokuwa kwenye QuickBooks hukaa C:\Users\Public, nje kabisa ya folda yake.

Pima unene kabla ya kulipa. SSD nyingi za inchi 2.5 zina mm 7, lakini HDD nyingi za zamani zina mm 9.5 na haziingii kwenye kesi nyembamba. Kwenye laptopu mpya zaidi utakuta kijiti cha M.2, na hicho kina aina mbili: chenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe (aina ya kasi zaidi), chenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA. Kesi ya aina moja huenda isisome nyingine, kwa hiyo nenda dukani na kijiti chenyewe. Laptopu nyembamba za bei ya chini hazina cha kutoa, maana hifadhi imechomewa kwenye bodi. Ruka hadi namba 2.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status C:`. Ukiona diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, chukua ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Bila huo, diski ukiitoa itabaki chuma tu. Usiseme "mimi sijawahi kuiwasha", kwa sababu Windows 11 inaweza kuiwasha yenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft.

Ukiunganisha diski ya zamani, Windows mpya itasema huna ruhusa ya kufungua folda yako. Bonyeza Continue na usubiri. Folda kubwa huchukua dakika kadhaa. Kisha nakili vya maana kwenda SSD siku hiyo hiyo, maana diski ya zamani ni ya zamani.

2. Eksteno (diski ya nje) ya HDD, TB 1

Inafaa nyumba nyingi, hasa pale usipotaka kugusa bisibisi. Chukua ya USB 3.0, uichomeke kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lina rangi ya bluu ndani. Tofauti si ndogo. GB 200 kwa MB 110 kwa sekunde ni kama nusu saa. Kwenye tundu la USB 2.0, kwa MB 35, ni zaidi ya saa moja na nusu. Picha ndogondogo maelfu huenda polepole zaidi ya video moja kubwa, usishtuke.

Madukani kuna diski zilizotumika zilizovalishwa kasha jipya. Mwambie muuzaji aichomeke na kuifungua kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Saa ilizowaka zinatakiwa ziwe karibu na sifuri. Angalia pia mistari ya 05, C5 na C6: thamani ghafi (Raw Values) ikizidi sifuri, irudishe. Kipimo hichohicho kifanyie diski ya ndani ya kompyuta yako. Ikionyesha rangi ya njano, nakili kwanza vile ambavyo havina mbadala, kabla ya kuanza kuisukuma na kazi ya saa tatu.

Kunakili kwa kuburuta hukwama kwenye faili moja bovu. Tumia amri hii ya robocopy, chombo cha kunakili kilichomo ndani ya Windows; iandike kwenye Command Prompt, ukibadilisha jina na herufi ya diski:

`robocopy "C:\Users\Asha" "E:\Asha" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakala.txt`

/R:1 na /W:1 ni za lazima: bila kuzitaja, robocopy hujaribu faili moja mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara. /XJ huizuia isizunguke ndani ya njia za mkato za AppData. Mwisho wa nakala.txt soma safu ya FAILED. NTUSER.DAT, faili la mipangilio ya Windows, kukataa ni kawaida. Picha au hesabu kukataa si kawaida. Nywila za Chrome hazihami kwa kunakili folda, kwa hiyo zisawazishe kwenye akaunti au zitoe kama faili.

3. Eksteno ya SSD

Haivunjiki kirahisi ikianguka, na ina kasi. Ila kama ndani ya kompyuta mna HDD, kasi ya kazi nzima ni ya hiyo HDD, na ile ziada unailipia bure. Ina maana pale laptopu tayari ina NVMe na video ni nyingi.

4. Flashi

GB 64 au 128, kwa nyaraka tu. Ya "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana ni feki: hupokea mafaili, inaonyesha majina, ukifungua hakuna kitu. Flashi yoyote uijaze kwanza kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wake halisi. GB 128 kwa MB 10 kwa sekunde ni saa tatu na nusu, iache usiku. Ifomati kwa exFAT, kwani FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi. Na flashi ya kuwekea Windows, GB 8 au zaidi, iwe nyingine: kuitengeneza hufuta kila kilichomo.

5. Mtandaoni

Google Drive inatoa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Inatosha vyeti, mikataba na namba za leseni. Kupandisha GB 100 kwa Mb 5 (megabiti, si MB) kwa sekunde ni zaidi ya saa 44, na bando nalo. Faili la OneDrive lenye alama ya wingu halimo kwenye diski yako. Lishushe kwanza ukitaka kulinakili.

6. "Hamishia tu D"

Haina gharama, ndiyo maana mafundi wengi huipendekeza, na ndiyo ya mwisho hapa. C na D kwa kawaida ni vipande vya diski ileile. Ikifa vinakufa pamoja. Tena kwenye ukurasa wa kusakinisha Windows herufi hazionekani, unaona Partition 1, 2, 3 na ukubwa wake, na vipande viwili vya GB 230 vinafanana kabisa. Ukilazimika, mpe D jina kabla ya kuanza, uandike ukubwa wake kwenye karatasi, na uchomoe kila eksteno kabla fundi hajafika ukurasa huo.