Mguu unaouma ukitembea: mazoezi au puto?

Shavu la mguu linabana ukitembea, ukisimama dakika chache linaachia. Mara nyingi ni ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni, iliyozibwa na mafuta. Bila kupasuliwa, kuna njia mbili.

Kwa gharama, mazoezi yanashinda. Lakini yanadai uvumilivu: unatembea mpaka maumivu yakolee, unapumzika yaishe, unaanza tena. Dakika 30 hadi 60, mara 3 kwa wiki, angalau wiki 12. Usiache kwa kudhani unajiumiza. Hayo maumivu ni sehemu ya tiba.

Kupanua mshipa kwa mrija, kazi aliyoianza daktari Mmarekani Charles Dotter mwaka 1964, hushinda kwa kasi. Siku hizi mrija mwembamba huingizwa kwenye kinena ukiwa na puto la kuupanua mshipa, na nafuu huja mapema. Tatizo ni kwamba mshipa unaweza kuziba tena.

Sigara iachwe na dawa zinywewe, vyovyote utakavyochagua.

Kama bado unatembea, ningeanza na mazoezi. Yakishindwa na kazi yako inakutaka usimame na kutembea, puto lina nafasi yake. Ila mguu ukiuma hata umelala, au kidonda cha kidole hakifungi, usisubiri wiki 12: muone daktari leo.