Pete ya silikoni (pesari) ya kushikilia kizazi kilichoshuka wakati wa mionzi: nyota 4 kati ya 5

Aliyeivaa ni mama yangu mzazi. Mimi nilikuwa namuuguza, na ameniruhusu niandike bila kuficha.

Mama ana kizazi kilichoshuka tangu uzazi wake wa mwisho. Akisimama sana kinatoka nje, anakirudisha kwa mkono. Kikaota kidonda kinachofanana kabisa na vile vya msuguano wa nguo, na kama daktari asingekata kinyama kupima, mama angepewa dawa ya kupaka na kurudishwa nyumbani na saratani yake ya mlango wa kizazi.

Mionzi ya nje hulengwa kwa kufuata picha za CT zilizopigwa mwanzoni, kisha hupigwa mahali palepale siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi. Sasa kizazi kinachopanda na kushuka utakilengaje? Kikiteremka, uvimbe unatoka kwenye eneo lililopangwa na utumbo unakula mionzi isiyo yake. Ndiyo maana pete iliwekwa ukeni, ikishikilie kizazi, kabla ya picha za mpango.

Kwa kazi hiyo naisifu. Ni laini, na haina chuma ndani (uliza, kuna pesari zenye chuma, na chuma huharibu picha). Lakini saizi ni shughuli: mama alikohoa, akachuchumaa, akaenda chooni, ya kwanza ikadondoka. Wauguzi wakajaribu kubwa zaidi, ikakaa. Usijinunulie tu na kujivika.

Nyota niliyoipunguza ni ya majimaji na harufu. Mionzi yenyewe huchubua uke, ukiongeza pete ndani yake mgonjwa anaumia. Mama alinuna kila ilipotolewa kusafishwa, nami simlaumu. Ilipofika zamu ya mionzi ya ndani, inayopigwa kwa vifaa vinavyoingizwa ukeni, ilibidi itolewe kabisa kuvipisha.

Maelezo ya kwenye boksi hayagusi figo hata kidogo. Kizazi kilichotoka kinaweza kukunja mirija inayotoa mkojo kwenye figo, saratani nayo inaweza kuibana, na sisplatini (dawa ya kemo) anayopewa mgonjwa pamoja na mionzi inataka figo nzima. Mama alipimwa kwanza.

Saratani ikiwa ya hatua za mwanzo, ulizeni kuhusu upasuaji kabla ya kununua pete. Kizazi kikitolewa, huenda pete isihitajike.