Kununua kirikuu cha Kijapani kwa barabara za Marekani: kipi kitangulie, kipi kiachwe

Ukitaka kirikuu nchini Marekani, ile pikapu ndogo ya Kijapani yenye injini ya cc 660, usianze kwa kubishania Suzuki na Honda. Anza na barabara utakayopita.

Sheria ya shirikisho inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 liingie bila kukidhi viwango vya usalama vya Marekani. Hesabu ni ya mwezi: lililotengenezwa Mei 2001 linaingia Mei 2026, si Januari. Wengi wakisikia "limeruhusiwa" huelewa kwamba ni salama. Hapana, limesamehewa mtihani. Pikapu zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1999 zililazimika kuwa na mifuko ya hewa kwa waliokaa mbele. Kirikuu cha umri huo mara nyingi kina mkanda wa usalama peke yake.

Uzito ndio wenye neno la mwisho. Chukua kirikuu cha kilo 700 na pikapu kubwa ya kilo 2,300, zigongane uso kwa uso, kila moja kwenye kilomita 50 kwa saa. Kirikuu kinasimamishwa na kurudishwa nyuma: mwendo wake unabadilika kwa takriban kilomita 77 kwa saa papo hapo. Wa pikapu unabadilika kwa 23. Na goti la dereva wa kirikuu liko karibu kabisa na bampa.

Kwa hiyo, kama kila siku utaingia barabara kuu za kasi, chaguo la kwanza si kirikuu. Nunua Ford Ranger au Toyota Tacoma iliyotumika. Kirikuu kwenye kilomita 80 kwa saa injini inazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, na ukiwa na mzigo huna nguvu ya kujinasua nyuma ya lori.

Kwa barabara za mtaani na vijijini, la pili ni Suzuki Carry ya kuanzia 1999. Japani ilipanua vipimo vya magari haya Oktoba 1998 kwa ajili ya usalama wa ajali: urefu ukatoka mita 3.3 hadi 3.4, upana mita 1.40 hadi 1.48. Carry ya toleo hilo ina magurudumu ya mbele yaliyotangulia mlango, hivyo mbele ya miguu kuna chuma kidogo cha kupokea pigo. Honda Acty na Mitsubishi Minicab za wakati huo zina umbo hilohilo. Tunaiweka Acty nyuma ya Carry kwa sababu injini yake iko chini ya bodi ya mizigo, na kuifikia ni kazi.

Baada ya hizo ni Daihatsu Hijet na Subaru Sambar. Ni magari mazuri, na Sambar, yenye injini nyuma, hupita kwenye mashimo kwa utulivu, lakini magurudumu ya mbele ya zote mbili yako chini ya kiti. Za kabla ya 1999 zibaki shambani.

Kabla ya kutuma hela, ulizia ofisi ya usajili ya jimbo lako na upate jibu la maandishi. Texas ilianza kuzisajili 2024. Massachusetts ilizizuia kisha ikageuza uamuzi mwaka huohuo. Kampuni ya bima nayo ipewe namba ya chasisi mapema. Ya Kijapani ni fupi, mfano wake DA52T kisha tarakimu sita, na mfumo unaotaka herufi na tarakimu 17 huikataa.

Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani gari linakouzwa, S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa. Daraja R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, liache. Inua zulia miguuni pa dereva, bonyeza sakafu kwa bisibisi, kisha lala chini uangalie fremu mahali springi zinaposhikiwa. Rangi nyeusi mpya pale tu ni ya kutilia shaka. Mkanda wa taimingi, kwa injini zenye nao, hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Kama hakuna kumbukumbu, badilisha pamoja na pampu ya maji.

Tairi ziwe 145R12 za mizigo, 6PR (alama ya uwezo wa kubeba uzito). Za gari dogo la abiria zinaingia kwenye rimu, ila kilo 350 za mzigo zinazilemea na gari linayumba likifunga breki. Tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka: 1415 ni wiki ya 14 ya 2015, hiyo ibadilishwe.

Mwisho taa za mbele. Zimeundwa kumulika juu zaidi kushoto, na Marekani huko ndiko anakotokea mwenzako. Kushusha mwanga hakutoshi. Funga taa za nchi zinazoendesha kulia, halafu zipangwe ukiwa umebeba mzigo wako wa kawaida.