Mchele wa Kyela kwenye mizani: jaribio la upande mmoja au pande mbili?

Tuseme mfuko wa mchele wa Kyela umeandikwa kilo 25. Unapima mifuko 10 pale soko la Mwanjelwa, Mbeya: wastani kilo 24.8, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi mifuko inavyotofautiana) kilo 0.3. Ukigawanya tofauti ya wastani na 25 kwa 0.3/√10 unapata t, kipimo cha umbali wa wastani kutoka kwenye dai, ya takriban 2.11, upande wa hasi.

Hapo majaribio yanagombana. La pande mbili linauliza kama uzito unatofautiana na 25, juu au chini. Kwa kiwango cha asilimia 5 (hatari unayokubali ya kumsingizia muuzaji mwaminifu) na digrii 9 za uhuru (mifuko 10 kutoa 1), t lazima ipite 2.262 ndipo dai liangushwe. Haijapita, basi dai la muuzaji linasimama (si kwamba limethibitishwa, ila halijaangushwa). La upande mmoja linauliza kama uzito umepungua, na mpaka wake ni 1.833. 2.11 imeupita, basi dai limeanguka.

Mama ntilie nampa la upande mmoja. Nani alalamike kwa kuzidishiwa mchele? Mwenye mashine ya kufungashia achukue la pande mbili, maana kwake kuzidisha nako ni hasara. Ila chaguo lifanyike kabla ya kupima. Ukisubiri uone data imeegemea wapi ndipo uchague upande, hatari ya kumsingizia muuzaji mwaminifu inapanda kutoka asilimia 5 hadi 10.