Gleis 17 Grunewald: kituo nendeni, ile ziara ya kulipia mimi sirudii

"Kwani nyie watu wa kwenu hii inawahusu nini?" Hilo ndo swali niliulizwa na muongoza watalii niliyemlipa hela yangu mwenyewe, nimechuchumaa kwenye jukwaa la reli namba 17 (Kijerumani Gleis 17), stesheni ya Grunewald, Berlin, walikopakiwa Wayahudi wakati wa Hitler, baridi inauma vidole, nasoma maandishi kwenye chuma. Mpaka leo nikikumbuka roho inanipanda. Naandika hapa kwa sababu watu wananiuliza sana Berlin twende wapi, na jibu langu limekuwa refu.

Ilikuwa mwaka juzi kama sikosei, au mwanzoni mwa mwaka jana, ila baridi ilikuwepo. Dada yangu anaishi kule, akaniambia mdogo wangu kwa unavyopenda mambo ya reli kuna sehemu lazima uione. Mimi nimekulia Tanga, reli yetu ile Wajerumani walianza kuijenga 1893, utoto wangu wote nimeumalizia stesheni kuangalia mabehewa, kwa hiyo nilifurahi kweli. Tukalipia ziara ya nusu siku, euro 35 kila mmoja, sehemu tatu na ya mwisho ni stesheni ya Grunewald. Kampuni siitaji jina.

Sasa Grunewald ni stesheni ya pembeni ya mji, treni za mjini, za S-Bahn, za kwenda Potsdam zinapita hapo, watu wanashuka na mbwa wao wanaingia msituni. Ilifunguliwa 1879 ikiitwa Hundekehle, jina la Grunewald likaja 1884, na reli yenyewe ilichorwa kwa ajili ya jeshi, kutoka Berlin kuelekea Metz (leo iko Ufaransa), wenyewe waliiita reli ya mizinga. Jengo la 1899 limekaa kama lango la ngome. Yule muongozaji hapo alikuwa anaongea vizuri, sikatai, akatueleza matajiri walivyokuja kujenga majumba yao kando ya msitu ule, nani alikaa wapi, nyumba ile bei gani leo, dakika ishirini nzima tumesimama nje tunatetemeka tunasikiliza habari za majumba.

Halafu jukwaa namba 17, kitu kilichotupeleka, akasema tuna dakika tano.

Dakika tano jamani!

Ngoja niwaeleze kilichopo pale mniambie kama ni cha dakika tano. Jukwaa lile halitumiki tena. Kuanzia tarehe 18 Oktoba 1941 Wanazi walianza kuwasafirisha Wayahudi wa Berlin kwa treni, na treni ya kwanza ilitokea stesheni hii hii kwenda Lodz, Poland. Watu walikusanywa kwenye sinagogi la mtaa wa Levetzowstraße kule Moabit, wakatembezwa kwa miguu katikati ya mji mpaka Grunewald, wazee, watoto, na mabegi, majirani wanaona. Baadaye treni zikaenda Riga, na kwenye kambi za Wanazi za Theresienstadt na Auschwitz. Leo kandokando ya jukwaa, pande zote mbili za reli, wamelaza vyuma 186, kila safari na chuma chake, kimeandikwa tarehe, idadi ya watu, Berlin na kule walikopelekwa. Hakuna kingine, na katikati ya reli wameacha miti imeota, haikatwi, ili ijulikane kwamba hakuna treni itakayotoka hapo tena.

Na yeye alivyotupa hizo dakika tano zake alikosea pia. Akasema Wayahudi zaidi ya 50,000 wote waliondokea hapo. Si kweli, vile vyuma vinahesabu safari za Berlin nzima, wengi walipakiwa stesheni ya mizigo ya Moabit, na wazee wengi waliokwenda Theresienstadt waliunganishiwa behewa kwenye treni za kawaida pale stesheni ya Anhalter Bahnhof, abiria wengine wanaenda zao kazini. Hili nimekuja kulisoma baadaye na limeniuma kuliko alichotuambia, kwa sababu maana yake halikuwa jambo la kujificha msituni.

Kingine ambacho hakutaja kabisa ni nauli. Mimi mtu wa stesheni hiki ndo kilininyima usingizi. Shirika la reli la wakati ule lilitoza nauli kwa wale watu! Daraja la tatu, pfennig 4 (senti za Kijerumani) kwa kilomita kwa mtu mzima, mtoto nusu, aliye chini ya miaka minne bure, na wakifika 400 kuna punguzo la kikundi. Nauli ya kwenda tu. Walinzi ndo walihesabiwa kwenda na kurudi. Na hela ikatoka kwenye mali walizonyang'anywa Wayahudi wenyewe. Mtu alikaa mezani akapiga hizo hesabu, akagonga muhuri, akaenda kula. Unaongozaje watu pale halafu nauli huigusi unaongea bei za majumba?

Basi nikawa nafuata vyuma kwa tarehe. Mwanzoni namba ni kubwa, mia kadhaa, mpaka elfu na zaidi, kadiri unavyosogea zinapungua. Nikafika kile cha mwisho, tarehe 27.3.1945, watu 18, Berlin kwenda Theresienstadt. Nikachuchumaa. Barafu nyembamba ilikuwa imeingia kwenye tarakimu, nikaifuta kwa kidole ile nane. Machi 1945, vita inaisha Mei, jeshi la Urusi liko mtoni Oder, umbali wa kwenda na baiskeli siku moja, hakuna mafuta, hakuna mkate, na bado kuna mtu anapanga treni kwa ajili ya watu kumi na nane. Nilikuwa nimeshika hapo ndo nasikia makofi, pa pa pa, anatupigia makofi kama anafukuza kuku, twendeni twendeni. Nikamwambia kaka nipe kidogo. Ndo akaniuliza lile swali, anacheka.

Dada alikuwa ameshanuna. Mimi nikasimama nikamjibu, nikamwambia unamjua Mahjub bin Adam Mohamed? Hamjui. Ni mtu wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, baba yake askari wa Wajerumani na yeye mwenyewe akiwa mtoto alitumika kwenye jeshi hilo vita ya kwanza, akaja Berlin 1929 kudai mishahara ambayo hawakulipwa, hakulipwa, akabaki, Wajerumani wakamjua kwa jina la Husen, akafundisha Kiswahili chuo kikuu hapo hapo mjini. 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke wa kizungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944. Hakupita Grunewald, najua, lakini waliompeleka ni serikali ile ile. Hii lugha ninayoandika hapa alikuwa anaifundisha yeye. Inanihusu nini? Yule kaka akatazama saa, akasema basi letu linasubiri.

Kusema haki, labda alikuwa amechoka. Dada anasema alishapeleka kundi jingine asubuhi ile, na baridi ile hata mimi ningetaka kuingia garini. Kwa ile ziara nilikuwa nimeandika nyota moja nikafuta nikaweka mbili. Halafu nikakumbuka ile ya makofi. Huwezi kupiga makofi pale. Hapana, nimerudisha moja, na hiyo moja ni ya dereva aliyetusubiri bila kinyongo.

Kesho yake tulirudi wawili, mimi na dada, na tiketi ya kawaida ya treni ya S7. Kuingia ni bure, hakuna geti, unashuka njia ya chini ya reli unafuata kibao cha Gleis 17. Tulikaa karibu masaa matatu. Kumbe nje kuna ukuta wa zege pia, wa mwaka 1991, kazi ya Mpolandi Karol Broniatowski, miili ya watu imechongwa kwa ndani kama nafasi tupu, wanatembea kwenda stesheni lakini wao wenyewe hawapo, sisi tulipitishwa mbele yake bila kuambiwa neno. Alikuja bibi mmoja na mkongojo na mawe madogo mfukoni, akaweka jiwe juu ya chuma kimoja, akakaa kidogo, akaondoka. Hakuna aliyempigia makofi. Kwa hiyo stesheni yenyewe kwangu ni nyota tano, na ningekuwa na sita ningetoa, nendeni peke yenu, vaeni soksi mbili.

Ile kampuni wamejibu barua pepe yangu baada ya wiki kadhaa. Wanashukuru kwa maoni, wananipa punguzo la ziara ijayo, halifi mpaka mwisho wa mwaka. Kuhusu yule kaka hawajasema kitu. Dada anataka nijibu kwa kistaarabu, mimi nimeanza mara tatu na kila nikifika kwenye neno punguzo nakumbuka wale watu 400 nafunga simu.