Rekodi ya talaka Texas: kwa karani wa mahakama ya wilaya au Austin?

Ukitalikiana Texas, karatasi zako zinaweza kuombwa sehemu mbili, na watu wengi huanzia pasipowafaa.

Ya kwanza ni kwa karani wa mahakama ya wilaya, katika kaunti ilikotolewa talaka. Si kaunti unayoishi leo: kama hukumu ilitoka Houston, utaiomba Kaunti ya Harris hata kama umeshahamia Dallas. Huko ndiko liliko jalada lenyewe: malezi ya watoto, mgawanyo wa mali, jina ulilorudishiwa, sahihi ya jaji. Nenda na majina kamili ya wote wawili, mwaka, na namba ya kesi kama unayo. Namba hiyo huwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa hukumu. Sema wazi kwamba unataka nakala iliyothibitishwa, kurasa zote. Nakala ya kawaida haina muhuri wa karani, na ofisi nyingi zitaikataa.

Ya pili ni idara ya afya ya jimbo, Austin, inayotoa barua ya uthibitisho kwa talaka za kuanzia 1968. Barua hiyo haichukui nafasi ya hukumu. Inafaa usipokumbuka kaunti, kwa sababu inakuonyesha pa kwenda.

Kwa anayemwombea mwenzi mpya makazi Marekani, ushauri wangu ni mmoja: nenda kwa karani. Uhamiaji huhitaji ushahidi kwamba ndoa ya awali ilivunjika kisheria, na hukumu ndiyo inayousema.